Bibi Shamba Anajibu: Bustani ya Maua kwa Vitu Vilivyotupwa

Barua zilizofika mezani kwangu kabla ya masika zinafanana kwa jambo moja: wasomaji wa Dar es Salaam wanataka maua nyumbani, ila hawawezi, au hawaoni sababu ya, kununua vyungu vya bei kubwa vinavyopangwa kando ya barabara. Wengi wameshaanza kukusanya matairi, ndoo zilizopasuka, mbao na masinki ya zamani. Nimechagua barua saba na kuzifupisha, na mahali nilipoona jambo linagusa afya ya watu nimejibu kwa urefu zaidi.

Nianze na rangi au na udongo?

*Shikamoo Bibi Shamba. Ninaishi Tabata na wanangu watatu. Nyuma ya nyumba nina nafasi ya urefu wa mita tatu na upana wa mita moja, ambayo mafundi waliijaza kifusi walipomaliza ujenzi. Fundi wa gereji ya jirani amenipa matairi manne ya gari dogo, na ninayo madumu kadhaa ya mafuta ya kula. Fedha niliyonayo ni shilingi 50,000 tu. Nilifikiri ninunue rangi kwanza ili vyombo vipendeze. Nianzie wapi?*

Marahaba, mwanangu. Rangi iwe ya mwisho, na ikiwa fedha itakuwa imekwisha, basi isiwepo kabisa. Kosa ninaloliona mara nyingi katika bustani za vitu vilivyookotwa ni kwamba mwenye nyumba, kwa kuwa vyombo amevipata bure, hutumia akiba yake yote kuvipamba, kisha huvijaza udongo wowote uliopo karibu, na baada ya wiki chache tairi lenye rangi ya kupendeza huwa limebeba mche uliodumaa. Katika bustani ya aina hii karibu kila kitu kinaweza kupatikana bila malipo isipokuwa udongo mzuri, kwa hiyo fedha iende huko.

Tufanye hesabu. Tuta la mita tatu kwa mita moja lenye kina cha sentimita 20 linahitaji lita 600 za udongo, yaani ndoo 30 za lita 20. Tairi la gari dogo likilazwa chini na kujazwa vizuri hadi pembeni hubeba kati ya ndoo mbili na tatu. Ukijaza tuta pamoja na matairi manne utahitaji takriban ndoo 40, na huenda fedha yote ikaishia kwenye udongo na usafiri wa kuufikisha nyumbani. Ndiyo maana ninakushauri mwaka huu uchague kimoja. Kama ningekuwa wewe ningeanza na matairi, kwa sababu kifusi kina kasoro ambayo haionekani kwa macho: vumbi la saruji na chokaa huufanya udongo uwe na alkali nyingi, na mimea kama ixora, waridi na haibiskasi ikipandwa humo hushindwa kufyonza madini ya chuma ipasavyo, majani yake yakageuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Kifusi hicho utakichimbua polepole hadi kina cha sentimita 30, na mawe yake makubwa utayatumia kuzungushia tuta utakapolitengeneza baadaye.

Mchanganyiko wa kujaza ndani ya matairi ni rahisi: ndoo mbili za udongo wa kawaida, ndoo moja ya samadi au mboji iliyoiva, na ndoo moja ya mchanga wa mtoni, usiwe wa ufukweni. Samadi iliyoiva ni baridi ukiishika, haina harufu kali ya mkojo, na huwezi tena kuona majani ambayo ng'ombe aliyala. Mbolea ya kuku ni kali zaidi, kwa hiyo ilundike kwa miezi miwili au mitatu chini ya kivuli, uimwagie maji kidogo na kuigeuza, kabla ya kuitumia. Ukiwa na subira unaweza kupunguza gharama zaidi kwa kutengeneza mboji mwenyewe. Nenda sokoni jioni wachuuzi wanapofagia, iwe Buguruni, Ilala au Mahakama ya Ndizi pale Mabibo, ukaombe maganda na majani yaliyotupwa, uyachanganye na majani makavu ya uwanjani, na kwa joto la jiji letu utakuwa na mboji katika muda wa miezi mitatu hivi iwapo utaigeuza kila wiki na kuilinda isikauke.

Madumu yakate ubavuni ili yalale kama hori, yatoboe chini kwa msumari uliopashwa moto, matundu manne au matano yenye upana wa kidole kidogo, na uyatumie kwa mimea yenye mizizi mifupi. Usiweke tabaka la kokoto chini ya chombo. Najua kila mtu hufundishwa hivyo, lakini maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto mpaka udongo uliolala juu yake ulowe kabisa, na matokeo yake ni kwamba sehemu yenye unyevu mwingi hupanda juu kuelekea mizizi. Kipande kimoja cha kitambaa au cha neti ya dirishani juu ya matundu kinatosha kuzuia udongo usitoroke.

Jirani anasema matairi yangu yataleta dengi

*Bibi Shamba, shikamoo. Nimezungushia ua wangu, hapa Kinondoni, matairi yaliyofukiwa nusu, na mengine nimeyaning'iniza ukutani yakiwa na maua. Jirani yangu, ambaye mwaka 2019 aliugua homa ya dengi, amenifuata akiwa na hasira na kuniambia niyaondoe yote. Je, ana haki, au ni chuki tu?*

Marahaba. Ana haki ya kuogopa, lakini huna lazima ya kuyaondoa ikiwa utakubali kufanya kazi ambayo wengi huiacha. Jiji letu lilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mbu anayeieneza, wa aina ya Aedes, hapendi mtaro mchafu kama yule wa matende. Hupenda maji yaliyotulia na yasiyo na uchafu mwingi ndani ya vyombo vidogo vilivyo karibu na watu, na tairi lililoachwa wazi lina sifa zote hizo, pamoja na giza na joto. Huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla jua halijazama, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii.

Jambo ambalo watu wengi hawalifahamu ni kwamba mayai yake hayatagwi majini moja kwa moja. Huyabandika kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi mingi na kuanguliwa mvua inaporudi. Mtu anayemwaga maji ya tairi wakati wa kiangazi na kudhani amemaliza kazi anaweza kuwa amehifadhi mbu wa masika. Maji yakishayafikia mayai hayo, safari ya kutoka yai hadi mbu anayeruka, katika hali ya joto kama yetu, huchukua wiki moja au zaidi kidogo, na kwa sababu hiyo mapambano dhidi yake hupangwa kwa wiki.

Sasa tuje kwenye matairi yako. Yale yaliyofukiwa nusu hayana tatizo iwapo sehemu ya ndani, ile mfereji inayozunguka tairi, imeshindiliwa udongo kote mpaka isibaki nafasi ya kushika maji. Pitia kila moja kwa mkono wenye glovu, kwa maana nge na tandu nao hupenda mahali hapo. Yale yaliyoning'inizwa ndiyo yenye hatari, kwa sababu maji hukusanyika kwenye mpindo wa chini hata kama juu kuna maua mazuri. Yatoboe pale chini kabisa kwa keekee, matundu matatu au manne, kisha mwagia maji ndoo nzima usimame utazame: kama yanatoka yote ndani ya dakika chache, tundu liko mahali pake, kama kuna kidimbwi kinachobaki, toboa tena pembeni. Kwa matairi yaliyolazwa chini ni bora zaidi kuukata ubavu wa juu wote ili udongo uyajaze hadi kwenye ukingo. Ubavu wa tairi la gari dogo kwa kawaida hukatika kwa kisu kikali kilichopakwa maji ya sabuni, kwani waya za chuma zimo zaidi kwenye sehemu inayokanyaga barabara. La lori msihangaike nalo.

Kila wiki, siku ileile, kagua visahani vinavyowekwa chini ya vyungu, vifuniko vya ndoo, vifuu vya nazi vilivyotupwa uani na mifereji ya paa, na usimwage tu, bali sugua kuta kwa brashi ili mayai yabanduke. Udongo wa kwenye tairi hudidimia kadiri mboji inavyooza, kwa hiyo uongeze kila unapoona shimo limeanza kujitokeza juu. Mwalike jirani yako aje kutazama unapofanya kazi hiyo mara ya kwanza. Nadhani hilo litamtuliza kuliko maelezo yoyote nitakayoandika hapa.

Neno jingine kuhusu matairi: panda maua, usipande mchicha wala mboga nyingine ya kuliwa, kwa sababu mpira unapochakaa huachia zinki na kemikali nyingine kwenye udongo. Na kama tairi liko kwenye jua la mchana kutwa, lipake rangi nyeupe iliyobaki ya nyumba au liegemezee mmea unaotambaa ulifunike, maana weusi wake hufyonza joto na kuichoma mizizi iliyo pembeni. Hapo ndipo rangi inapokuwa na kazi ya maana kuliko urembo.

Kisima cha chumvi, mchanga mtupu

*Salaam, Bibi Shamba. Mimi ni mstaafu, ninaishi Kigamboni, si mbali na bahari. Udongo wangu ni mchanga mtupu na maji ya kisima yana chumvi. Kila ninachopanda kinaungua kingo za majani. Nimekusanya masinki mawili, mitungi ya udongo iliyopasuka na pipa la plastiki. Je, nivumilie tu kuishi bila maua?*

Shikamoo, mzee wangu. Usivumilie. Kuungua kwa kingo za majani, hasa ya zamani, pamoja na ukoko mweupe juu ya udongo, ni dalili kwamba chumvi inajikusanya kwenye mizizi. Mchanga wako, ambao wewe unauona kuwa balaa, hapa unakusaidia, kwa sababu chumvi huoshwa kwa urahisi mvua zinapokuja. Kwenye mfinyanzi mzito ingekwama.

Lile pipa ndilo mali kubwa kuliko vyote ulivyovitaja. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja ya maji. Upande wa paa wenye mita za mraba 30, mvua ya milimita 20 ikinyesha, hutoa hadi lita 600, na hata ukiondoa yanayoruka na kupotea, pipa lako litajaa na kumwagika. Tafuta kipande cha mfereji wa bati kwa wauza vyuma chakavu, acha maji ya kwanza ya mvua yaende zake kwa kuwa yamebeba vumbi na vinyesi vya kunguru, kisha elekeza yaliyobaki kwenye pipa lililofunikwa neti iliyokazwa kwa kamba, kwa sababu niliyomweleza msomaji wa Kinondoni. Maji hayo yaweke kwa ajili ya miche midogo na mimea inayodekezwa. Mimea iliyokomaa na yenye kustahimili inaweza kunywa ya kisima, lakini mwagia kwa wingi mara chache badala ya kunyunyizia kidogo kila siku, kwani kunyunyizia kidogo huiacha chumvi palepale juu. Elekeza maji chini, yasiguse majani.

Kwa mahali pako ningechagua bogenvilia, waridi la jangwani, mshubiri, pochulaka na vinka, ambao wote huvumilia jua kali na ukame, na kadhaa kati yao huvumilia chumvi kwa kiasi. Waridi la jangwani ni mmea wa maeneo makavu ya Afrika Mashariki, wenye shina nene linalohifadhi maji, na hupendeza sana kwenye sinki lenye tundu lililo wazi. Utomvu wake, hata hivyo, ni sumu, na watu wa zamani waliutumia kwenye mishale. Vinka nayo ni sumu ikiliwa. Wajukuu wakija likizo, waambie mapema, na uweke vyombo hivyo mahali wasipofikia wadogo.

Ili mchanga ushike maji, changanya mboji kwa wingi na ufunike juu kwa makumbi ya nazi. Makumbi hupatikana bure kwa wafua nazi na wauza madafu. Yaloweke kwenye maji ya mvua siku mbili tatu kwanza, umwage maji hayo ya rangi ya chai, kisha yachane na kuyatandaza kwa unene wa vidole vitatu, ukiacha nafasi kidogo kuzunguka shina ili lisioze. Mitungi iliyopasuka usiiunganishe. Ilaze ubavu, nusu ndani ya mchanga, na pochulaka itamwagika kutoka mdomoni mwake bila wewe kufanya kazi kubwa.

Vichaga vya bandarini

*Bibi Shamba, mimi ni kijana wa Chang'ombe. Ninapata vichaga vya mbao vilivyotumika kubebea mizigo, na ninataka kutengeneza masanduku ya maua ya kuuza. Rafiki yangu amenishauri niyapake oili chafu ili mchwa wasiyale. Unasemaje?*

Oili chafu usiitumie. Ina mabaki ya metali yanayotokana na injini, huua mizizi, hushuka kwenye udongo wa jirani, na mteja atakayeligusa sanduku lako atachafuka nguo. Mchwa wazuie kwa kuliinua sanduku juu ya matofali ili lisiguse ardhi, na kwa kulifunika ndani kwa kiroba cha unga kilichotobolewa chini, ili udongo wenye unyevu usikae moja kwa moja kwenye mbao.

Kabla ya kubomoa kichaga chochote, tafuta muhuri wake. Vilivyosafiri kutoka nchi moja hadi nyingine huwa na alama ya suke la ngano pamoja na herufi za nchi kilikotengenezwa, na kando yake herufi mbili. HT maana yake mbao ilitibiwa kwa joto, na hiyo ndiyo unayoitaka. MB maana yake ilifukizwa kwa gesi ya methili bromidi, na hiyo iache. Kisicho na muhuri kinaweza kuwa cha hapa nchini na kikafaa, lakini kinuse: chenye doa la mafuta au harufu ya kemikali hakifai hata kwa bure. Kama vichaga vitapungua, mafundi seremala wa Keko wana vipande vingi vya mbao wanavyovihesabu kuwa takataka, na kuwaomba kwa adabu mwishoni mwa siku kunatosha.

Mpangaji asiye na kiwanja

*Shikamoo. Nimepanga chumba ghorofa ya pili, Mbagala, nina roshani ndogo. Mwenye nyumba hataki nichafue. Ninayo masufuria yaliyotoboka, ndoo na viroba. Ni maua gani yatakua humo?*

Marahaba, mwanangu. Fikiria uzito kabla ya maua. Ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo uliolowa hukaribia kilo 30, na ndoo kumi zilizopangwa kwenye ukingo mmoja wa roshani ni mzigo ambao mjenzi hakuupangia. Tumia vyombo vidogo, viweke karibu na ukuta wa nyumba, na uupunguzie udongo uzito kwa kuchanganya maganda ya mpunga yaliyoungua na makumbi yaliyosagwa.

Masufuria yenye kina cha sentimita 15 yanatosha kwa pochulaka, tageti na zinia fupi. Ndoo ibaki kwa asumini moja, ambayo itapanda kwenye kamba na kukunukishia chumba usiku. Viroba navyo vinafaa kwa msimu mmoja, lakini jua letu huvila, na vikianza kupukutika vitoe mara moja kabla nyuzi zake hazijatawanyika uani kwa watu. Chini ya kila chombo weka sinia lililochakaa ili maji yasimdondokee mpangaji wa chini, na ulimwage kila baada ya kumwagilia. Chagua vyombo ambavyo unaweza kuvibeba peke yako, kwani siku ya kuhama utahama navyo.

Miche bila kununua

*Kwa Bibi Shamba. Sisi ni kikundi cha akina mama wa Ubungo. Tumepewa ruhusa ya kupendezesha eneo la wazi lililo mbele ya nyumba zetu, na vyombo tunavyo. Tatizo ni miche. Kwenye vitalu vya kando ya barabara bei inatushinda. Tufanyeje?*

Dada zangu, miche mnayoitaka ipo tayari kwenye nyua za watu, na wenyewe huikata na kuitupa kila mwezi. Ukiona kijana anapunguza ua wa bogenvilia au haibiskasi, mwombe matawi kabla hayajaingia kwenye toroli la taka. Msikate kwa mtu bila kuomba. Nimesikia ugomvi wa majirani ulioanzia kwenye kitawi kimoja cha asumini.

Kwa bogenvilia, chagueni tawi lililokwisha kukomaa kidogo, lenye unene wa penseli, si lile la kijani linalopinda wala lile gumu la zamani. Likateni vipande vya sentimita 15 hadi 20, kila kimoja kiwe na vifundo vitatu au vinne. Upande wa chini mkate mshazari chini kidogo ya kifundo, na upande wa juu mkate moja kwa moja bila mshazari, ili siku ya kupanda msije mkakipandikiza kichwa chini, kwa sababu kipandikizi kilichogeuzwa hakioti. Ondoeni majani yote isipokuwa mawili ya juu, na hata hayo yakateni nusu yasipoteze maji mengi. Chomekeni vifundo viwili ndani ya mchanga uliochanganywa na mboji kidogo, ndani ya chupa za maji za lita moja na nusu zilizokatwa juu na kutobolewa chini, mzipange chini ya kivuli cha makuti. Mchanga uwe na unyevu lakini usitote. Wiki za mwanzo kipandikizi kinaweza kuchipua majani kabla hakijawa na mizizi, kwa hiyo msikivute kukikagua. Subirini mizizi ionekane kwenye matundu ya chini. Haibiskasi na ixora hufuata njia hiyohiyo, ila ixora ni ya polepole na itawajaribu subira.

Plumeria, ule mti wa matawi manene wenye utomvu mweupe na maua yanayonukia, una kanuni yake tofauti: tawi likishakatwa liachwe kivulini kwa wiki moja au mbili mpaka jeraha likauke, ndipo lipandwe. Likipandwa bichi huoza. Pochulaka haihitaji maelezo yoyote, kwa sababu kipande kinachovunjika na kuanguka kwenye udongo kitaota chenyewe.

Wakati mzuri wa kazi hii ni mvua za masika zinapoanza, kuanzia Machi, kwa kuwa hewa ina unyevu na vipandikizi havikauki haraka. Mkikosa, vuli ya Oktoba hadi Desemba itawapa nafasi ya pili, ingawa jua la Januari na Februari linalofuata litawalazimu kumwagilia asubuhi na jioni. Huku mkisubiri vipandikizi, nunueni pakiti moja ya mbegu za zinia na moja ya tageti, ambayo ni gharama ndogo kwa kikundi. Zinia huota ndani ya wiki moja na kutoa maua baada ya miezi miwili hivi. Maua ya kwanza yaliyo mazuri zaidi msiyakate. Yaacheni yakauke kwenye shina mpaka yawe ya kahawia, myapukuchue juu ya gazeti, na mbegu mzihifadhi kwenye bahasha mahali pakavu kwa msimu ujao. Ninawasihi jambo moja tu: msichukue lantana, hata kama inapatikana bure na ina rangi za kuvutia. Ndege husambaza mbegu zake, na ikishaingia kwenye korongo au shamba la mtu kuiondoa ni shida.

Eneo lililo wazi kwa wote lina mbuzi na kuku. Kabla ya kupanda chochote, zungushieni mabanzi au matawi ya miba.

Choo ukumbini, na mabati ya zamani

*Bibi Shamba, shikamoo. Mume wangu ameleta choo cha kukaa kilichoondolewa kwenye ukarabati, pamoja na vipande vya mabati ya zamani ya asbesto na makopo ya dawa za kilimo, anasema vyote ni vya bustani. Mama mkwe anasema choo chenye maua mbele ya nyumba ni aibu kwa ukoo. Tunaishi Sinza. Tusikilize nani?*

Marahaba, mwanangu. Kuhusu mabati ya asbesto na makopo ya dawa, msimsikilize mumeo. Asbesto ikikatwa au kuvunjwa hutoa nyuzi nyembamba sana ambazo mtu huzivuta bila kuziona, na madhara yake kwenye mapafu hujitokeza baada ya miaka mingi. Msiikate, msiitoboe wala msiifagie ikiwa kavu. Iloweshwe maji, ifungwe kwenye nailoni nzito, na muwaulize watu wa mazingira wa manispaa namna ya kuiondoa. Makopo ya dawa za kilimo hayatumiki tena kwa jambo lolote nyumbani, hata yakioshwa mara saba. Yatoboeni ili asiyaokote mtu mwingine akayatumia kwa maji au mafuta, na msiyachome.

Choo hakina ubaya wowote kitaalamu. Kauri haiozi, haipati kutu, na kina tundu la kutolea maji lililo kubwa kuliko chombo chochote kilichotajwa katika barua za mwezi huu, isipokuwa lile pindo la bomba la nyuma hubaki na maji daima, kwa hiyo livunjwe kwa nyundo au lizibwe kwa saruji mpaka juu na kutobolewa upande, la sivyo mbu watakuwa wapangaji wenu. Kioshwe kwa dawa ya kuulia vijidudu, kikae juani siku kadhaa, kisha kijazwe udongo.

Hata hivyo mama mkwe ni mkubwa wa nyumba na barazani ndiko anakoketi kupokea wageni wake. Kiwekeni nyuma, karibu na karo la kufulia, na mpande ndani yake kana nyekundu, mmea unaopenda maji na unaokua mrefu na mnene kiasi kwamba kufikia Julai hakuna atakayeuona ukingo wake. Vipande vya bomba na kauri vitakavyobaki baada ya kuvunja pindo msivitupe njiani kwa kuwa vina makali. Vifukieni chini ya njia ya kupitia.